Gego la Baba Mdogo na Sura ya Mwisho

Dada Mapokezi hakujaliwa maneno mengi. Ukimsalimia mara mbili, ya pili ataijibu kwa kope. Hata hivyo, hakuna mtu mtaani ambaye neno lake lilingojewa kama lake, na karibu wote waliolingojea walikuwa na mapengo.

Mambo yalianzia kwenye benchi la kungojea. Daktari wa meno, mwajiri wake, aliweka pale jarida la katuni, lililotoka sura kwa sura, ili watoto wasilie: hadithi ya mashujaa wanne wasiopatana hata kwa salamu, waliolazimika kuungana kumzuia Mfalme wa Vumbi asilizime jua. Watoto waliendelea kulia. Walionogewa ni wazazi. Benchi lilipojaa watu wenye meno mazima, daktari akabandika tangazo: JARIDA NI LA WAGONJWA TU. Basi mtaa mzima ukaugua.

"Unaumwa nini, mzee?" Dada Mapokezi angeuliza.

"Yule shujaa Ngurumo ametoka gerezani?"

"Ametoka."

"Basi naumwa jino."

Kwa kuwa Dada Mapokezi ndiye aliyesoma kila sura kwanza, kabla mlango haujafunguliwa, watu walimtegemea awapimie uzito wake: inastahili tiba gani ya jino. Sura ya kawaida ilikuwa ya kusafisha. Nzuri, ya kuziba. Ile ambayo Bibi Upepo aligundua kwamba adui yake ni pacha wake, Dada alinong'ona tu, "Hii ni ya kung'oa," na siku hiyo daktari alirudi kwake mkono umening'inia.

Aliyeathirika kuliko wote ni baba mdogo wa Dada, fundi saa mstaafu, ambaye kwake kila sura ilikuwa ya kung'oa. Upande wa kulia wa kinywa chake ungeweza kuchezewa mpira. Kushoto lilibaki gego moja la kutafunia, nalo lilikuwa na kitundu cheusi, kisingizio tosha.

Siku sura ya mwisho ilipofika, mama mdogo alitangulia kliniki. Hakuketi.

"Mwanangu, nasikia leo wanamalizana na huyo mfalme wao."

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu kavaa shati la kutokea. Tangu asubuhi yuko kwenye kioo analiaga gego. Sasa nisikilize: akirudi bila hilo gego, chakula chake utakuja kumtafunia wewe. Mpaka Mungu atakapomchukua."

Dada Mapokezi alifumba macho. Sura alikwisha kuisoma, na hakujua aipimeje. Mashujaa wanafika darajani, lakini badala ya kupigana wanabishana nani atangulie. Bibi Upepo anadai umri, Kidole Chuma anadai cheo. Wanaunda kamati, kamati inakosa mwenyekiti. Mfalme wa Vumbi, aliyechoka kungoja kushambuliwa, anasogea ukingoni kidogo apate kuwasikia vizuri, anatumbukia mtoni, anakuwa tope. Kwisha. Meno yote yale, na adui anakufa kwa usikivu!

Lakini pembeni mwa ukurasa wa mwisho palikuwa na kipicha kidogo kama stempu. Ngurumo, ambaye viganja vyake huunguza kila anachogusa, ameketi ukingoni mwa daraja. Kidole Chuma, mtesi wake wa siku zote, amemshika mkono. Chuma kinayeyuka, kinadondoka matone mtoni, wala haachii. Dada Mapokezi aliitazama picha hiyo mpaka chai yake ikapoa.

Baba mdogo akaingia, mkono tayari u shavuni.

"Sema, mwanangu. Nimejiandaa."

"Baba, wamemaliza vibaya. Wanafanya kikao."

Benchi likaguna. Muuza rangi wa duka la chini akasimama. "Kikao? Nimeng'olewa kwa ajili ya kikao? Vikao si tunavyo bure nyumbani!"

"Ila kuna picha moja," alisema Dada.

Muuza rangi akaketi tena.

"Ya kiasi gani?" baba mdogo akauliza taratibu.

Mama mdogo akakohoa. Dada Mapokezi hakumtazama.

"Kwa kurasa zote, hata kusukutua ni hasara. Kwa picha ile peke yake, ningesema kung'oa. Ukichanganya, ni ya kuziba. Siongezi, sipunguzi."

"Hata kung'oa kamzizi kamoja?"

"Kuziba, baba."

Baba mdogo akaingia kwa daktari na jarida mkononi, mabega yamelegea. Mashine ikalia, kisha ikanyamaza ghafla. Sauti ya daktari ikasikika kutoka ndani: "Subiri, usifunge mdomo kwanza!"

Baba mdogo alitoka mdomo umekwenda upande kwa ganzi, machozi yakimtiririka mashavu yote mawili, ingawa moja hakulihisi. Mama mdogo akamkamata kidevu.

"Fungua." Akachungulia kama anayetazama chungu jikoni. "Lipo. Sasa unalia nini?"

"Shuma... nayeyu..." Ulimi haukumtii. Akamshika mkewe mkono, akaubana.

"Niachie, bwana, watu wanatuona."

Hakuachia. Mama mdogo akauvuta mara moja, si kwa nguvu sana, kisha wakateremka ngazi hivyo hivyo, ubavu kwa ubavu, wakigongana na ukuta.

Benchi zima likageukia meza. Muuza rangi ndiye aliyewahi.

"Dada, niandikie kuziba."

"Meno yako yaliyobaki hayana tundu."

"Basi atoboe kwanza."