Jina la Baba Mkwe

Kazi niliyoipata Garsen haikuhitaji jembe wala fimbo ya kuchungia. Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka sauti za wanawake wanaozungumza Kiorma, ili mashine nayo ijifunze kukisema. Sentensi zililetwa kwenye simu yangu, nami nikatafuta wanawake wa kuzirudia. Nilitembea kifua mbele mjini, kumbe nilikuwa tarishi tu.

Wanawake wengi walikataa, basi nikaenda kwa mama yangu. Hajui kusoma. Nilimsomea, naye akarudia polepole, simu ikiwa imelala gotini mwake. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwenye sentensi ya mwanamume aliyepeleka ng'ombe sokoni. Huko walikoitunga walikuwa wamempa mtu huyo jina, na lilikuwa jina la marehemu babu yangu, baba yake baba.

Kwetu mwanamke hatamki jina la baba mkwe wake, awe hai au amekufa. Mimi mwenyewe nimerithi jina hilo, na mama hajawahi kuniita kwalo hata siku moja. Tangu utotoni ananiita "mzee wangu", na nilikua nikidhani ni utani.

"Yule mzee alipeleka ng'ombe sokoni," akasema mama.

Simu ikakataa. Akarudia vilevile, ikakataa tena.

"Kwani inataka nini?"

"Inataka jina, Mama. Zikikataliwa nyingi, wananitoa kazini."

Hapo ningeweza kuizima simu tukanywa chai, yakaisha. Nilijua vizuri nilichokuwa namwomba, na naona aibu hata kukiandika. Nilikodolea macho kioo cha simu, kama mtu asiyehusika.

Mama alinitazama. Kisha akavuta mtandio, akajifunika uso, akalitamka jina la mkwewe kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alilisema chini chini, kana kwamba mwenyewe amesimama mlangoni.

Kwenye simu yakatokea maandishi ya Kiingereza. Mama haijui lugha hiyo. Ningemwambia imekubali, asingejua kamwe.

"Imesemaje?" akauliza, uso ungali ndani ya mtandio.

"Inasema urudie," nikamtafsiria, "kwa sauti ya juu zaidi."