Bibi Aliyeshika Usukani Wangu

Nakumbuka siku moja ya ukungu, mwanangu, na huwa inanirudia kila nikisikia kijana anasema njia yake anaijua. Nilikuwa Guangzhou, mwaka wa pili wa masomo ya uzamili. Enzi hizo mji ule ulikuwa unajengwa kwa kasi ya ajabu. Unapita mahali Jumatatu ni uwanja mtupu, ukirudi baada ya wiki chache unakuta ghorofa.

Mimi ni mtu wa Lushoto, kama unavyojua. Nimekulia kwenye miinuko, na tambarare ile na kelele zake zilinichosha. Nikanunua baiskeli ya mwanafunzi mmoja aliyekuwa anarudi kwao, nikaazimia kwenda milima ya kaskazini peke yangu, nilale huko, nirudi kesho yake. Rafiki yangu Salim, Mmombasa aliyekuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu, aliniuliza nitapita njia gani. Nilimcheka. Nikamwambia mtoto wa Usambara haulizwi habari za milima. Akaniomba basi nimwandikie hata majina ya vijiji kwenye kikaratasi, nikaona ananifanya mtoto mdogo. Sikuandika.

Nilitoka alfajiri. Niliupita uwanja wa ndege wa Baiyun, nikavipita viwanda, nikaingia kwenye mashamba ya matunda yale yanayofanana na shokishoki, kisha mianzi, kisha mlima wenyewe. Kufikia saa tano nilikuwa juu, miguu inawaka, moyo umejaa raha. Ilikuwa mwezi wa tatu, majira ambayo kule hata kuta za nyumba hutoka jasho, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilikuwa naona tairi la mbele na hatua kumi za lami, basi.

Raha ile iliniisha pole pole. Nilianza kupita nyumba zisizo na milango. Mtu alikuwa ameing'oa na kwenda nayo, na madirisha pia, lakini karatasi nyekundu za mwaka mpya zilibaki zimebandikwa pembeni mwa matundu. Kwenye kila ukuta kulikuwa na alama ya rangi, ile inayoandikwa kwenye nyumba za kubomolewa. Hakuna mbwa aliyebweka. Hakuna kuku. Nilipiga kengele ya baiskeli ili nisikie sauti tu, nayo ikamezwa na ukungu.

Hapo ndipo nilipofika njia panda. Barabara mpya ilikata kushoto. Ya zamani ilishuka moja kwa moja, na kwenye ramani yangu, ambayo niliinunua kwa muuza vitabu vilivyotumika, hiyo ya kushuka ndiyo iliyokuwa fupi. Kulikuwa na tuta la udongo limewekwa katikati, lakini watu walikuwa wamelitoboa njia upande mmoja. Kando yake, juu ya stuli ya mianzi, alikaa bibi kizee peke yake.

Aliponiona aliinuka, akaja, akashika usukani. Mkono wake ulikuwa wa baridi na wenye nguvu kuliko nilivyotarajia. Akawa anasema maneno, yale yale, tena na tena, kwa lugha ya milimani ambayo mimi na Kichina changu cha darasani sikuambulia hata neno. Sasa mwanangu, sikia ujinga wangu. Kule sokoni, mchuuzi akikung'ang'ania, unamwambia "Bu yao," yaani sitaki. Na mimi nikamwambia hivyo hivyo.

"Bu yao, bibi. Bu yao."

Hakuwa na kitu cha kuuza. Mikono yake ilikuwa mitupu, na niliiona. Nilibandua vidole vyake kimoja kimoja, nikapita kwenye tundu la lile tuta.

Mteremko ulikuwa mkali. Nikiwa nashuka nilisikia kengele ya baiskeli mbele yangu, chini kwenye ukungu. Mlio mmoja, kisha wa pili. Nilifurahi kwamba kuna mwenzangu, na badala ya kushika breki nikaachia nimfikie.

Kilichoniokoa ni tope. Tairi la nyuma liliteleza, nikaanguka ubavu, goti likachanika. Baiskeli haikusimama. Ilikwenda na mteremko mpaka ikapotea machoni, na sikusikia ikigonga kitu. Nilisikia maji, sauti ndogo, kama mtu anayemeza. Kiatu changu cha kushoto kilikuwa tayari kimelowa.

Ukungu ulisogea kidogo, nami nikaona. Barabara iliingia majini bila kukatika, lami na mstari wake mweupe. Nguzo za simu zilishuka nayo: ya kwanza maji yako magotini, ya pili kiunoni, ya tatu kimebaki kichwa. Lilikuwa bwawa jipya, na ramani yangu ilichorwa kabla yake. Nilimwita yule wa kengele. Niliita kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili. Hakuna aliyeitika.

Nilipanda kwa miguu, sikugeuka nyuma. Bibi alikuwa amesimama pale pale. Hakunitazama usoni kwanza. Alitazama nyuma yangu, kwa muda mrefu, kama anayengoja mwingine apande. Kisha akanishika mkono, akanipeleka kijiji kipya walikohamishiwa watu wa zile nyumba tupu, akaniosha goti, akanipa uji wa mchele wenye tangawizi. Jirani yake alinirudisha mjini kwa lori la mboga.

Wiki chache baadaye nilirudi kwa basi kumshukuru, pamoja na Mei, mwanafunzi mwenzangu aliyezaliwa kwenye lugha ile. Nilitaka kujua siku ile aliniambia nini. Walizungumza, kisha Mei akanitafsiria. Mume wa bibi aliipanda na kuishuka barabara ile kwa baiskeli tangu ujana, akienda shambani. Maji ya bwawa yalipojaa aliambiwa barabara imezama, akasema anajua. Asubuhi moja ya ukungu alishuka kama alivyozoea. Tangu hapo, kila siku ya ukungu bibi huchukua stuli yake na kwenda njia panda.

"Alikuwa anakwambia hivi," Mei akasema. "Mzee wangu yuko kule chini. Usimfuate."

Sikuuliza kama baiskeli ya mzee ilikuwa na kengele. Sijui, na sitaki kujua.

Mwanangu, sikusimulii haya ili uogope safari. Nenda. Lakini usiondoke bila mtu mmoja kujua umepita wapi. Salim angenitafuta wapi mimi? Na akitokea mtu asiyekujua, asiyetaka chochote kwako, akaacha alipokaa akaja kukushika, shuka kwenye baiskeli. Hata kama humwelewi. Mtazame mikono, mpe muda wako, tafuta wa kukutafsiria. Nilibandua vidole vya mtu aliyekuwa ananiombea uhai, na nimevibeba vidole hivyo mpaka uzeeni.

Mungu akuwekee mtu kila njia panda utakayofika, akupe na moyo wa kusimama. Uende salama, urudi tukuone.