Vitunguu vya Gervais

Nikikwambia kwamba kuna Mkongomani hapa Woolwich ambaye kila akishikwa na hamu ya pombe huingia duka la pombe kwa miguu yake mwenyewe, halafu anatoka na vitunguu, utasema huyu mzee ameanza tena. Sema tu. Watu wasionisadiki nimewazoea. Mimi niliishia darasa la sita na nusu kule Uvira, lakini niliyoyaona London hata wenye digrii hawajajaliwa kuyaona. Kaa usikilize, wala usinidai ushahidi. Ushahidi uko kwenye kabati la jikoni kwa Gervais, na unanuka.

Gervais ni mtoto wa baba yangu mdogo. Anafanya usafi kwenye ofisi za mabwana wa benki. Kazi inaanza saa kumi alfajiri, mabwana wakiwa bado wanakoroma, na inakwisha saa nne, mabwana wakiwa wameketi tayari kuzichafua upya. Kwa hiyo saa ambayo watu wa heshima wanatafuta kahawa, yeye ameshamaliza siku yake, mgongo unamwaka, na basi linamshusha kituo kilekile mbele ya duka lilelile la Nikhil. Waliopanga vituo vya basi mji huu ni watu wa huruma sana. Walihakikisha mlevi hatembei mbali.

Alikunywa miaka mingi, tena kwa bidii, kama mtu anayetafuta kupandishwa cheo. Na cheo alikipata siku binti yake Keren alipomaliza chuo. Gervais alivaa suti, akafika ukumbini kwa wakati, jina lilipoitwa akasimama, akapiga makofi, akalia machozi ya furaha, akashuka ngazi kwenda kumkumbatia msichana mmoja wa Kipolandi ambaye hajawahi kumwona maishani. Keren aliitwa baada ya watu wanne. Wakati huo baba yake alikuwa anatolewa nje kwa adabu.

Wiki iliyofuata Keren alihamia Croydon, chumbani kwa rafiki yake Plamedi. Mama yake, Léocadie, alimfungia nguo. Mlangoni msichana aligeuka akasema, kwa Kiingereza kama kawaida ya hawa watoto wetu wanaosikia Kiswahili kwa masikio na kukijibu kwa lugha ya malkia, kwamba siku baba yake akifikisha siku mia bila kunywa, atarudi kula mezani kwao. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, ili kusiwe na njia ya kukwepa:

"Lakini usinidanganye, Papa. Ukianguka, niambie. Ukinidanganya, sirudi."

Gervais akaenda kliniki. Nesi Hansa, mama wa Kihindi mwenye miwani ya kamba, alimpa dawa za kumvusha wiki ya kwanza, akamweleza kwamba hamu haidumu siku nzima. Inapanda, inafika juu, inashuka. Dakika ishirini, pengine chini ya hapo. "Kazi yako ni kuzipitisha hizo dakika," akamwambia, "kwa namna yoyote unayoiweza."

Mtu mwenye akili angevuka barabara. Gervais alijaribu kuvuka. Alijaribu hata kushuka kituo kimoja kabla, akatembea na mvua, akazunguka soko zima, na bado alijikuta ameshika kitasa cha mlango wa Nikhil, maana miguu ilikuwa na mazoea yake na haikuhudhuria mazungumzo ya kliniki. Basi akaitungia sheria. Miguu inaweza kuingia. Macho yanaweza kuangalia friji, kwa kuwa macho ni magumu kuyafunga pingu. Lakini mkono utachukua tu kitu cha rafu ya chini, upande wa pili. Na upande wa pili, chini, Nikhil alikuwa ameweka vitunguu.

Siku ya kwanza alisimama mbele ya vile vitunguu dakika kumi na nane. Alivichagua kimoja kimoja kama anamchagulia mwanawe mchumba. Alivipapasa, akavinusa, akavirudisha. Mate yalimjaa mdomoni kwa ajili ya kitu kilichokuwa nyuma yake, kwenye baridi, kinameremeta. Alipofika kwenye kaunta, hamu ilikuwa imeshuka hadi magotini. Nikhil alitazama kile kifuko, akatazama friji, akamtazama Gervais.

"Leo ni hiki tu, boss?"

"Hiki tu."

"Uko mgonjwa?"

"Napona," Gervais akasema, akalipa, akatoka na kifuko chake.

Siku ya nne ndipo alipoharibu, kwenye ibada ya Jumanne jioni. Kanisa letu linakutana kwenye ukumbi wa kukodi nyuma ya kituo cha treni, na kwetu mtu hawezi kupona mafua bila kupewa kipaza sauti. Mama Noëlla, mkuu wa kamati ya akina mama, alikuwa amenusa pumzi ya Gervais akaikuta safi, na habari ikamfikia mchungaji kabla ya wimbo wa pili. Gervais akaitwa mbele. Angeweza kusema, ndugu zangu, nina siku nne, niombeeni. Lakini ukishika kile kipaza sauti, na mpiga ngoma ameinua vijiti, na wamama wamekwisha kusimama, siku nne zinaonekana kitu kidogo cha aibu. Akasema hamu imeng'olewa na mizizi. Akasema hata harufu yake inamchefua. Ngoma ikalia, Mama Noëlla akacheza mpaka kilemba kikaanguka, na video ikaenda kwenye WhatsApp ya kanisa, ikaangaliwa mpaka Lubumbashi.

Kesho yake, saa tano na dakika kumi, huyo mtu aliyechefuliwa na harufu alikuwa amechuchumaa mbele ya vitunguu, jasho linamtoka.

Na sasa hakuwa na wa kumwambia. Zamani angempigia hata mzee wa kanisa, akamwambia nishike mkono. Lakini aliyekombolewa haombi kushikwa mkono. Yeye ndiye anayepigiwa simu. Na walimpigia kweli: walevi wa watu, wake wa walevi, mmoja mpaka kutoka Hounslow, wakimwomba siri ya ushindi wake. Aliwaambia wafunge na kuomba. Hakutaja vitunguu.

Keren alikuwa anamwandikia kila jioni neno moja: "Leo?" Naye alikuwa anajibu: "Niko sawa." Siku sitini, niko sawa. Siku themanini, niko sawa. Léocadie, ambaye anatunza wazee majumbani na anajua sura ya mtu anayesema yuko sawa, alifungua kabati kutafuta chumvi, vifuko saba vikamwangukia miguuni. Akavirudisha, akafunga kabati. Wiki ile tulikula sombe, yaani kisamvu, yenye vitunguu, mchele wenye vitunguu, samaki aliyefukiwa na vitunguu, na hakuna aliyeuliza.

Ikafika siku ya tisini na nane, Ijumaa. Jumamosi kulikuwa na sherehe ya mahari ya mpwa wa Mama Noëlla. Kanisani hatunywi, hilo lieleweke. Kwenye mahari pia hatunywi, ila kuna makasha ya bia na chupa ya whisky ya wajomba kwenye orodha ya mahari tuliyoachiwa na mababu, na huwa vinaisha vyenyewe. Mara iliyopita aliyetumwa kununua alirudi na kasha pungufu, anaimba. Kamati ikakaa, ikatafuta mtu ambaye pombe haimwambii kitu.

"Papa Gervais," Mama Noëlla akampigia simu, Gervais akiwa njiani kutoka kazini, "wewe peke yako ndiye tunaweza kukuamini. Mtu amekombolewa kama wewe, hata umwache ndani ya kiwanda cha bia, atatoka anaimba zaburi."

"Mama, pengine mtu mwingine—"

"Nani? Taja jina. Wote ni wanafiki."

Mama Noëlla akakata simu. Pesa ilikuwa imeshawekwa kwenye kadi yake.

Basi akaingia kwa Nikhil, na kwa mara ya kwanza katika siku tisini na nane sheria yake ilikuwa haifai kitu, kwa sababu mkono ulitumwa kule kule ulikokatazwa. Akaagiza makasha. Nikhil akaenda stoo kuyatoa. Gervais akabaki peke yake na rafu ya juu, akashusha chupa ya whisky ya wajomba. Ilikuwa nzito vizuri, uzito ambao kiganja chake kilikuwa kinaukumbuka kuliko kinavyokumbuka tarehe ya ndoa. Akili yake, ambayo kwa mambo mengine huwa inachelewa, ilifanya kazi haraka ya kustaajabisha. Kuna chupa ndogo pale kwenye kaunta. Ndogo sana, karibu si pombe. Nani atajua? Aliyekombolewa hanuswi pumzi. Na Keren ataandika "Leo?", naye atajibu maneno yale yale mawili aliyoyajibu siku tisini na saba. Hata kidole kiliijua njia.

Hapo ndipo aliposhtuka. Hakuogopa kunywa, kunywa alikuwa anakujua. Aliogopa kuona uongo umeshaandikwa, umekaa kwenye simu, unamsubiri tu aufikie.

Akampigia Keren.

"Papa? Niko kazini. Kuna nini?"

"Niko dukani kwa Nikhil. Nimeshika chupa."

Gervais akajua amekwisha. Akaona ile meza, na kiti cha Keren kitupu mpaka mwisho wa dunia.

"Umefungua?" Keren akauliza.

"Hapana. Lakini nataka. Na si leo tu. Nilitaka na jana. Kila siku nimekuambia niko sawa, na kila siku nilikuwa hapa ndani nanunua vitunguu."

"Unanunua nini?"

"Vitunguu. Nesi alisema nipitishe dakika."

Akasikia mlango ukifungwa upande wa Croydon, na kelele za ofisi zikazimika. "Rudisha chupa ulikoitoa. Umerudisha? Sasa nisomee vitu vya rafu ya chini. Vyote, polepole."

Akachuchumaa, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, akamsomea binti yake. Vitunguu vyekundu. Vitunguu vyeupe. Maharage ya kopo. Dagaa, wale wa mafuta na wale wa nyanya. Kiberiti. Chakula cha paka. Nikhil alitoka stoo na makasha begani, akamkuta anasoma majina ya sabuni kwa sauti kama mkaguzi wa serikali, akayaweka chini, akageuza kile kibao cha mlangoni kisomeke "Tumefunga". Gervais alipofika kwenye mishumaa, sauti yake ilikuwa imeacha kukwaruza. Keren hakukata simu.

"Boss," Nikhil akasema baadaye, "hivi vyote na ile chupa nitavipeleka ukumbini mimi mwenyewe kesho. Wewe gusa kadi uende nyumbani."

Akagusa kadi. Akachukua na kifuko kimoja cha vitunguu, kwa mazoea.

Jumapili, siku ya mia, Gervais aliomba kipaza sauti. Mchungaji akampa kwa furaha, akitegemea sehemu ya pili ya ushindi. Gervais akasema: "Ndugu zangu, mimi sikukombolewa." Mpiga ngoma, ambaye huwa hasikilizi, akapiga. Watu wakasema amina. Ilibidi arudie mara mbili ndipo amina zikaanza kurudi makooni. Akawaambia hamu iko palepale, ana siku mia kwa kuzihesabu dakika, na kwamba wasimtume tena dukani. Mama Noëlla alikaa chini polepole, kama mtu aliyegundua amempa mbwa kazi ya kulinda nyama na nyama imefika salama.

Ibada ilipoisha hakupigiwa makofi. Lakini kwenye maegesho ya magari wanaume watatu walimfuata, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akitazama viatu, wakimuuliza huyo nesi anakaa kliniki gani. Ni kwa ajili ya rafiki, walisema. Woolwich ina marafiki wengi wagonjwa.

Nyumbani Keren alikuwa ameshafika na begi dogo. Alifungua kabati akitafuta sahani, akasimama pale mdomo wazi, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu hakuwa anacheka tena, na mama yake akampa kitambaa akasema ni hivi vitunguu, vinaumiza macho. Akaketi kwenye kiti chake. Gervais akampakulia mwenyewe.

Mimi nami nilikuwepo, maana hakuna sahani inayopakuliwa familia hii bila mimi kuarifiwa, na haya ninayaandika papo hapo mezani kwake, naye ananichungulia begani. Kwa hiyo nawathibitishia kwamba lile kabati lilikuwa na magunia arobaini, si pungufu, na kwamba lile la mwisho, la Ijumaa, lilikuwa zito kiasi kwamba Nikhil na wanaume sita walilibeba begani wakipokezana, wakifunga barabara yote ya soko mpaka polisi wakaja na farasi, na farasi mmoja alipolinusa akapiga magoti akaanza ku—

"Yaya," Gervais akasema, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, akiweka kidole kwenye karatasi, "farasi ametoka wapi? Ilikuwa mimi na mfuko wa kilo moja, ndani ya duka la Nikhil." Nikaandika hivyo, ila farasi simfuti.