Babu wa Mzee wa Chini

Jumapili iliyopita, hapa Linden, mtaani kwetu Columbus, mwanangu alikuwa amejilaza kwenye zulia akitazama mpira wa mataifa. Mtangazaji akasema kwa Kiingereza kwamba beki fulani ana kofia hamsini. Wenyewe wakisema mchezaji ana kofia, maana yake amechezea timu ya taifa. Mechi moja, kofia moja. Basi mimi nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Mwanangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha kila siku, nacheka nini. Nikamwambia nimemkumbuka marehemu bibi. Hakuelewa, akarudi kwenye mpira wake. Wewe basi, rafiki yangu, vuta kiti nikusimulie.

Tulikuwa tunakaa Buffalo, karibu na Grant Street, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao ya rangi ya kijani. Tulikuwa tumetoka kambini Tanzania, sisi Warundi, nami bado mtoto wa shule ya msingi. Baba na mama walikuwa kiwandani, mmoja mchana, mwingine jioni, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya bibi na mimi. Chini yetu alikaa mzee wa Kizungu, mjane, ambaye ukoo wake ulitoka Ireland. Tulimwita Mzee wa Chini. Yeye alimwita bibi yangu "Bibi", akidhani ndilo jina lake la ubatizo, na hakuna aliyejisumbua kumsahihisha.

Theluji ndiyo iliyowakutanisha. Asubuhi ya theluji yetu ya kwanza bibi alitoka na ufagio wa ndani, akaanza kufagia ngazi kama alivyokuwa akifagia uwanja kule kambini. Mzee akatoka na beleshi, akatikisa kichwa, akamwonyesha namna ya kuisukuma. Bibi akamnyang'anya beleshi lenyewe, maana hakuona kwa nini mzee wa umri ule ahangaike na yeye yupo. Walipomaliza akamshushia chai ya maziwa yenye tangawizi. Tangu siku ile nikawa na kazi: nikitoka shule naketi katikati yao, jikoni kwa mzee, natafsiri. Jiko lile lilinukia viazi vya kuchemsha na dawa ya kuchua misuli, na bomba la joto lilikuwa likigonga ukutani kana kwamba kuna mtu anataka kuingia. Bibi aliteremka na maharage yake kwenye sinia, akayachambua huku anasikiliza.

Mzee alikuwa na hadithi moja tu, ya babu yake. Huyo babu alizaliwa Belfast, hukohuko Ireland, akaingizwa kwenye kiwanda cha kitani akiwa bado mtoto. Sakafu ya kiwanda ilikuwa maji matupu, na watoto walifanya kazi pekupeku. Hapo bibi alikuwa akipiga kelele kila mara, hata alipoisikia mara ya ishirini: "Pekupeku! Na baridi ya Wazungu! Masikini mtoto wa watu!" Jioni watoto hao walicheza mpira, na yeye akawa beki hodari kwa viatu vya kuazima. Ireland ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuwa na timu ya taifa, akachaguliwa. Waingereza waliwafunga mabao mpaka kipa akaacha kugeuka nyuma kutazama. Alichezea nchi yake mara tatu, wakafungwa mara tatu, na kila mara akapewa kofia ya mahameli yenye kishada.

Mimi nilitafsiri nilivyosikia: akapewa kofia. Bibi aliacha kuchambua. "Kofia? Mtu anapigwa mateke mchana kutwa, halafu anarudi kwa mama yake na kofia?" Nikamgeuzia mzee hayo kwa Kiingereza. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema hata mama mtu aliyasema hayohayo.

Katika mechi ya tatu akavunjika mguu, ukaunga vibaya, mpira ukaishia hapo. Akapanda meli, akaja Buffalo, akawa mpakuzi wa ngano kwenye meli za ziwani, kutwa nzima na beleshi katikati ya vumbi. Hakuna aliyejua kwamba mchechemeaji yule aliwahi kusimama mbele ya washambuliaji wa Uingereza. Hakuna aliyemuuliza alikuwa nani kabla ya kushuka melini. Nikifika hapo bibi aliitikia "Naam" polepole. Yule babu akazeeka, na mjukuu wake, yaani mzee wetu alipokuwa mtoto, ndiye aliyekuwa akimchua ule mguu mpaka siku alipokufa.

Baadaye mzee akaanza kusahau. Kwanza funguo, kisha sufuria motoni. Siku moja alimpandisha babu yake melini, hadithi ikamkatikia hapo. Alituangalia, haendi mbele wala harudi nyuma. Akaniambia nimwambie Bibi kwamba anaogopa. Zile kofia zilishapotea, picha hakuna, na binti yake wa pekee, aliyekaa Louisville, hakuwahi kuketi akaisikia hadithi mpaka mwisho. "Mimi nikisahau, basi tena," alisema. "Itakuwa kama hakuzaliwa."

Bibi akapiga meza kwa kiganja. "Atapotea vipi na mimi nipo? Alishuka melini, akaenda kupakua ngano!" Akaendelea kwa Kiswahili mpaka mwisho, mguu, vumbi na yote, mimi nikimgeuzia mzee kwa Kiingereza. Hakuruka kitu. Kuanzia hapo kazi ikageuka: bibi anasimulia, mzee anasikiliza, na uso wake unatulia. Nilimpenda sana bibi siku zile, nakwambia kweli.

Kiangazi kilichofuata binti alikuja kumchukua akakae naye Louisville. Alikuwa na haraka, masanduku barazani, simu mkononi. Bibi akasimama mlangoni na sahani ya ugali na lengalenga, mchicha wa kwetu. "Mwambie akae," akaniambia. "Haondoki na baba yake bila kumchukua na yule mwingine." Binti akasema safari ni ndefu. Bibi akamvutia kiti. Nawe ungekaa, bibi yangu alikuwa hakataliwi kiti.

Alimfundisha kama tulivyofundishwa sisi kanisani, kipande kwa kipande, mimi natafsiri, mwanafunzi anarudia. Mama mtu mzima yule akikosea, bibi anatikisa kidole: "Hapana. Rudia kuanzia kiwandani." Mwanzoni alitabasamu kwa adabu tu, akichungulia simu. Kufika kwenye mguu, simu ilikuwa kifudifudi mezani. Mzee alikuwa amekaa pembeni kashika kofia yake ya jua, anasikiliza kama mgeni. Alipopandishwa melini yule kijana, mzee akamgeukia binti yake, akauliza kwa upole: "Masikini. Huyo mtu, alifika?"

Binti akajifunika uso. Kisha akamshika mkono, akasema, "Alifika, baba. Alifika Buffalo." Akaimalizia mwenyewe mpaka mwisho, na bibi hakumsahihisha popote.

Mzee aliishi Louisville miaka miwili hivi. Binti alitupigia simu akasema alikuwa akimsimulia kila jioni, na kila jioni alifurahi kwamba yule mtu alifika. Nyumba ya kijani iliuzwa, ikapakwa rangi nyingine. Baba akapata kazi ya ghala huku Columbus, tukahama. Bibi hakuhama nasi, tulikuwa tumeshamzika Buffalo.

Siku ile gari la binti lilipoondoka, mimi na bibi tulipanda juu, tukaketi kuchambua maharage. Nikamwambia, haya bibi, sasa nipe na maisha yako, nami niyashike. Akacheka. "Yangu hayana mpira, mjukuu wangu. Chambua mawe hayo." Nilimuuliza tena mara nyingi, na kila mara jibu lilikuwa lilelile, pamoja na kile kicheko.

Basi maisha ya yule beki wa Ireland ninayo yote, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, na mwanangu akitaka nitampa. Ya bibi yangu yanaanzia siku alipofika Tanzania, baba yangu akiwa mgongoni mwake. Ya kabla ya hapo, hata jina la mama yake, sijui.