Mguu wa Madoa

Jina la Bi Kwato alilipata kwenye shamba la maziwa alikokwenda kutafuta riziki baada ya kufiwa na mume. Alianza kwa kufagia mazizi, akaishia kuwa mtu wa kuitwa kila ng'ombe anapochechemea. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono migumu kama ya seremala, na kinyongo chake hakikujua kuchakaa.

Kinyongo chenyewe kilikuwa cha Madoa. Mumewe alimnunua ng'ombe huyo angali ndama asiye na mama, wakamlea kwa chupa jikoni kwao. Mume alipokufa, waombolezaji hawajatawanyika, shemeji yake aliingia zizini, akamfungua Madoa na kwenda naye kwake. Alisema ni mali ya ukoo. Bi Kwato alilia, akabembeleza, akazunguka kwa ndugu na majirani. Wote walijua ukweli, wote wakajifanya hamnazo. Tangu hapo alikuwa akichonga kwato za ng'ombe wa watu huku akimwombea shemeji mabaya kimyakimya.

Asubuhi moja shemeji akapiga simu, sauti tamu kama asali. Madoa hakanyagi mguu wa nyuma, alisema, maziwa yamekatika, na daktari wa mifugo amesafiri. Bi Kwato akajibu kwamba anakuja. Akanoa kisu chake, kisha akakinoa tena ingawa hakikuhitaji.

Alimkuta Madoa amesimama kwa miguu mitatu katika zizi lisilozolewa kinyesi. Mguu mbovu ulikuwa umevimba na kunuka. Kwato zilikuwa zimerefuka na kupinda kama ndara kuukuu. Ng'ombe alinyoosha shingo, akamlamba mkono. Huruma kidogo aliyokuwa nayo kwa shemeji ikamwishia hapo.

Mkobani mwa Bi Kwato mlikuwa na kamba ya kupitisha juu ya boriti na kunyanyulia mguu. Hakuitoa.

"Piga magoti ushike mguu, shemeji."

"Hapa kwenye kinyesi?"

"Hapohapo."

Shemeji alikuwa amevaa suruali ya kutokea. Alipiga magoti. Majirani waliokuja na vyombo kufuata maziwa, wasijue yamekatika, walisimama kwenye uzio, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka ya kuondoka.

Bi Kwato alisugua, akachonga, akapitisha ncha ya kisu kati ya kwato mbili mpaka ikagusa kitu kigumu. Usaha ukaruka, ukampata shemeji kifuani. Ndani mlikuwa na kipande cha waya. Alikiona, asikivute. Ilimuuma kumwacha Madoa hivyo hata kwa kitambo, lakini nafasi kama ile asingeipata tena. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafuta kisu kwa tambara.

"Kabla sijaendelea, niambie. Huyu ng'ombe ni wa nani?"

Shemeji akaanza kusema kwamba mambo ya zamani yameshapita na wao bado ni ndugu. Bi Kwato akafungua mkoba, akaanza kurudisha vifaa kimoja kimoja. Mguu ulikuwa mzito, na ulianza kumponyoka shemeji.

"Ni wako," akasema.

"Majirani hawajasikia."

"Ni wako. Nilimchukua zizini kwako."

Hapo ndipo waya ulipotoka. Aliosha kidonda, akapaka dawa, akafunga bendeji. Kisha akamwagiza shemeji aoshe mguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi asubuhi na jioni, yeye mwenyewe, maana ng'ombe mgonjwa hutaka mkono mmoja tu. Hilo alilitunga papo hapo. Siku zilizofuata alipita njia ile hata pasipo safari, ili amwone shemeji amechuchumaa na beseni lake, akimuuguza ng'ombe wa mwenziwe.

Madoa alipoanza kukanyaga vizuri, Bi Kwato alikuja na kamba na majirani wawili kati ya wale wa uzioni. Mke wa shemeji alilalamika mpaka sauti ikamkauka. Shemeji alisimama mlangoni, na Bi Kwato akampitisha ng'ombe mbele yake polepole kuliko mguu ulivyohitaji.

Jioni dada yake alimuuliza kama sasa moyo umetulia. Bi Kwato, akiwa anakamua, alisema bado. Madoa amezaa ndama wawili kule kwa shemeji, na hao nao wana miguu ya kuchechemea.