Futi Juu ya Kioo

Wateja walimwita Mama Nembo, naye hakuwahi kulalamika, maana jina lilikuwa limebeba kazi yake yote. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akidarizi nembo za shule, za timu za mpira, za walinzi na za kwaya, zile nembo za mfukoni ambazo mtu huzivaa mwaka mzima bila kujiuliza zimetoka wapi. Zilitoka kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha moja pana, meza mbili, na mashine ya kudarizi yenye sindano sita. Mashine hiyo ikianza kazi, vijiko hutetemeka jikoni.

Sasa, mashine ya namna ile haina macho wala akili. Hushona kile inacholetewa kwenye flashi, na kinacholetwa huandaliwa kwanza kwenye kompyuta. Mama Nembo huchora nembo ndani ya programu ya kudarizi, huipangia rangi za nyuzi, huipima, ndipo anaipeleka kwenye sindano. Kompyuta yake ya zamani aliijua kama anavyolijua jiko lake. Aliitumia huku anaongea na mteja na huku anamfokea paka. Siku moja ikakata roho katikati ya kazi, bila hata kuaga.

Binti yake, anayefanya kazi mbali, akamnunulia nyingine mpya. Laptopu nyembamba, nyepesi, inang'aa hadi unaogopa kuishika. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wanasema, lakini Mama Nembo hakuwahi kuuona huo unyemi. Yeye alianzia kwenye kidonda moja kwa moja.

Mfumo unaoiendesha ulimkera tangu siku ya kwanza. Kitufe cha kuanzia, ambacho kwa akili yake kilikaa kushoto tangu dunia iumbwe, kilikuwa kimehamia katikati. Asubuhi ulimsalimia. Ukampa habari za mvua za mahali asikokwenda, ukamshauri abadilishe picha ya nyuma, ukamuuliza kama ameridhika. Siku ya pili, akiwa katikati ya kuchora, ukamwambia unajisasisha na asithubutu kuuzima. Alikaa dakika arobaini, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri choo kiwe wazi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimwambia binti yake kwenye simu. "Huyu wako ana wiki nzima na bado anasalimia tu."

"Utamzoea, mama."

"Nimezoea mengi. Hili sijui."

Hayo yote angeyavumilia. Watu wameishi na mawifi wabaya zaidi ya hapo. Kilichomvunja nguvu kilikuwa nembo zenyewe.

Chuo kimoja cha wauguzi kilikuwa kimempa kazi ya nembo mia mbili na arobaini, za sare za wanafunzi wapya: taa katikati, majani pande zote mbili, jina la chuo chini yake. Upana, sentimita saba na nusu. Akachora, akapima, akashona moja ya mfano. Ikatoka sentimita tano. Akadhani kitambaa kimejivuta kwenye fremu, akabadilisha kitambaa, akakaza fremu, akapima tena kwenye kompyuta: saba na nusu, bila ubishi. Akashona. Tano tena, na herufi za chini zimebanana hata husomi.

Mkuu wa chuo alikuwa mwanamke mrefu asiyepoteza maneno. Nembo ya kwanza aliiweka kifuani, akaitazama, akauliza kama ni ya wanafunzi au ya wanasesere. Ya pili hakuiweka hata kifuani.

"Niletee ya tatu Jumatatu," alisema. "Ikitoka hivi, nitaelewa. Umefanya kazi miaka mingi. Nitatafuta pengine."

Hilo neno "nitaelewa" lilimuuma Mama Nembo kuliko kama angetukanwa.

Alirudi nyumbani ameshaamua kwamba mwenye kosa ni mfumo. Kabla ya mfumo huu, nembo zilitoka sawa. Baada ya mfumo huu, nembo zinanywea. Hata nembo zake za zamani zilifunguka kwenye kioo kipya zikiwa zimevimba, ikabidi azipunguze kabla ya kuzishona. Ushahidi gani tena unahitajika? Usiache mbachao kwa msala upitao. Aondoe huu mfumo, aurudishe ule wa zamani, maisha yaendelee.

Akampigia shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda cha ukubwa wa kabati kando ya stendi. Ndiye aliyemwekea programu ya kudarizi kwenye laptopu mpya. Shemeji akasema kurudisha mfumo wa zamani kunawezekana, ila si mchezo, na yuko tayari siku yoyote akiitwa. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano hakumwita. Alhamisi alifagia chumba cha kazi mara mbili. Ijumaa alipanga nyuzi zake kwa rangi, kutoka nyeusi mpaka nyeupe, kazi ambayo haikuhitaji kufanywa na ambayo hakuwahi kuifanya. Simu ilikuwa pale pale mezani.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Maadamu mfumo mpya ulikuwa mle ndani, alikuwa na wa kumlaumu. Lakini je, mfumo wa zamani ukirudishwa na nembo ikatoka ndogo tena? Basi kosa litakuwa limebaki kwa mtu mmoja tu, mwenye miaka hamsini na saba, ambaye miwani yake ilibadilishwa mara mbili mwaka huu. Hilo hakumwambia mtu. Alikuwa hata ameanza kufikiri mashine ya sindano sita angempa nani, akakuta machozi yanamlenga, akajikasirikia.

Jumamosi asubuhi akaona Jumatatu imeshamkaribia mno. Akapiga simu.

Shemeji alikuja na mkoba wake, na flashi yenye mfumo wa zamani akiwa ameishika mkononi kama dawa.

"Shemeji, ulikuwa unanikwepa?"

"Nikukwepe una nini? Kaa hapo ufanye kazi."

"Naona hata chai siambiwi."

"Chai ni ya mafundi waliomaliza."

Akakaa. Kabla ya kuchomeka chochote akamweleza, safari hii bila utani. Kila kilichomo ndani kitafutwa, kwa hiyo lazima wakitoe kwanza. Laptopu yenyewe ni mpya kuliko mfumo anaoutaka. Huenda intaneti ikagoma, huenda sauti ikapotea, huenda mwanga wa kioo ukabaki pale pale hata ufanyeje. Na kama hutaupenda, kurudi huku nako ni kazi nyingine.

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," akasema. "Ndiyo maana nakuuliza tukiwa bado kavu. Nianze?"

Mama Nembo akaitazama ile flashi. Alikuwa amelisubiri swali hilo siku nne, na jibu lake alikuwa nalo tayari. Halikutoka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Tukiurudisha huo wa zamani, halafu nembo ikatoka ndogo vile vile?"

"Basi tatizo halikuwa mfumo."

"Ndilo hilo ninaloliogopa, shemeji."

Alilisema kwa sauti ya chini, akiangalia nyuzi zake. Shemeji alikuwa na neno la utani mdomoni, ilionekana wazi, lakini akalimeza. Mtu huyu alikuwa na mdomo mrefu, ila hakuwa mjinga. Akairudisha flashi mfukoni.

"Hebu nionyeshe," akasema. "Chora kama unavyochora siku zote. Mimi sipo."

Mama Nembo hakupenda kutazamwa akifanya kazi. Miaka yote alifanya peke yake chumbani mle, mlango umerudishwa, na wateja walikomea kwenye kiti cha mbele. Lakini mficha uchi hazai. Akafungua programu, akaileta nembo ya wauguzi, akaisogeza katikati. Kisha akanyoosha mkono shingoni, akavuta futi yake ya kitambaa, ile ile ya kupimia watu viuno, akailaza juu ya kioo cha kompyuta kutoka jani la kushoto mpaka jani la kulia.

"Umeona?" akasema. "Saba na nusu. Haya, nenda kamuulize mfumo wako kwa nini inatoka tano."

Shemeji akasogea karibu. Alikuwa ameinamisha kichwa akiitazama ile futi pale juu ya kioo.

"Shemeji. Unapima hivyo siku zote?"

"Nipime vipi? Kwa macho? Fundi anayekisia ni mcheza kamari."

"Na chini hapa, hizi namba?" Akagusa pembe ya chini ya programu. Palikuwa na tarakimu ndogo ndogo, na zilisema upana: sentimita tano.

Mama Nembo akavaa miwani vizuri. Akazisoma. Akazisoma tena.

"Namba za kompyuta mimi sijawahi kuziangalia," akasema polepole. "Futi haijawahi kunidanganya. Kule kwenye ya zamani nilikuwa naweka hivi hivi, na inatoka sawa na futi. Miaka yote."

"Lakini kioo hiki kinaonyesha vitu vikubwa zaidi. Ndiyo maana na zile za zamani zilifunguka zimevimba. Hazikuvimba. Kioo ndicho kilichozikuza."

Zile nembo za zamani ambazo alizipunguza! Akahisi joto likimpanda usoni. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na yeye amelisingizia jua wiki mbili. Akakaa, mikono imeshika ncha za futi, akingojea lile jambo alilolijua tangu Jumanne limwangukie.

Lakini Shemeji alikuwa anafungua kurasa za ndani za programu, mdomo ameukunja, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe akasahau mahali. Akakipata. Kwenye kioo ukatokea mstari mmoja mweusi ulionyooka, na chini yake maandishi yanayomwomba mtumiaji aupime mstari huo kwa rula juu ya kioo, kisha aandike urefu wake.

Wote wawili wakausoma.

"Inaomba nini?" akauliza Mama Nembo, ingawa alikuwa ameshaelewa.

"Inaomba futi."

"Juu ya kioo?"

"Juu ya kioo." Shemeji akajikuna shingo. "Kumbe ndivyo ilivyotengenezwa. Unaipimia kioo chake mara moja, basi baada ya hapo unachokiona ndicho kitakachoshonwa. Nani alikuwekea kwenye ile ya zamani?"

Mama Nembo akafikiri. Alikuwa ni yule muuzaji wa programu, mtu mnene mwenye haraka. Alikuja siku ambayo yeye alikuwa anampima mteja sare, akaazima futi kwa dakika tano.

"Nilidhani anaipima meza," akasema.

"Basi yeye alifanya kazi yake. Mimi nilipoiweka kwenye hii, iliniuliza jambo la kioo, nikabonyeza 'baadaye'. Nilikuwa na wateja wawili kibandani." Akamgeukia. "Kosa ni langu, shemeji. Si la mfumo, na si lako. Wewe ulikuwa unapima sawasawa."

Mama Nembo alimtazama. Kama ilikuwepo siku ya kumsema shemeji yake mpaka ajute kuoa kwenye ukoo ule, ndiyo hiyo, na Shemeji mwenyewe alikuwa ameketi akiingoja. Lakini alikuwa amefarijika mno hata hasira ilikosa pa kukaa. Akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakashuka.

"Haraka haraka haina baraka," akasema tu. "Sogea."

Akaulaza ule mkanda wa futi juu ya mstari mweusi. Sentimita kumi na tano. Programu ilikuwa inaamini ni kumi. Akaandika kumi na tano kwa kidole kimoja, akabonyeza, na nembo ya wauguzi ikanywea pale pale mbele ya macho yao mpaka futi ikasema tano. Akaivuta tena taratibu, jani kwa jani, hadi saba na nusu. Safari hii alishusha macho akaangalia na zile namba za chini. Saba nukta tano.

Mashine ilishona kwa dakika kumi na nne, vijiko vikitetemeka. Ilipozimika, Mama Nembo akaitoa fremu, akakata nyuzi, akaigeuza nembo kifudifudi na kuigeuza tena, akapima. Akapima upande wa pili. Shemeji akanyoosha mkono ili naye apime, akapigwa kofi kiganjani.

"Saba na nusu," akasema Mama Nembo. "Nilidhani ni mimi, unajua. Nilidhani nimeisha."

"Ulikuwa unaisha kimyakimya hivyo? Hata mdogo wako hukumwambia?"

"Ningemwambia nini?"

Shemeji akaitoa flashi mfukoni, akaiweka mezani kati yao. "Haya, swali letu lipo pale pale. Nirudishe mfumo wa zamani, au niuache huu?"

Kompyuta ilikuwa imechagua dakika hiyo hiyo kumuuliza tena kama ameridhika. Mama Nembo akalifunga lile dirisha dogo la swali kwa dharau.

"Uache. Bado siupendi, lakini sasa siupendi kwa haki. Chukua flashi yako. Chai ipo jikoni."

Jumatatu saa mbili na nusu alikuwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Mkuu aliichukua nembo, akaiweka kifuani juu ya mfuko, akasogea mbele ya kioo cha kabati. Alisoma jina la chuo lote kwa mbali, midomo ikicheza. Kisha akarudi mezani, akafungua kalenda.

"Zote mia mbili na arobaini," akasema, "kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Utaweza?"

Wiki mbili nzima Mama Nembo alikuwa amelikwepa neno hilo, kwa wateja, kwa binti yake, hata kwa paka.

"Nitaweza," akasema.