Wimbo Ulioibwa na Redio

Niliwahi kumshtaki mwanamuziki wa Dar es Salaam kwa wizi. Sikumshtaki kwa polisi, nashukuru Mungu. Nilimshtaki mbele ya duka la kanda pale Kyela mjini, siku ya gulio, watu wamejaa, nami nikiwa darasa la tano na tope hadi magotini. Nilisema kwa sauti ya mwenye haki kwamba wimbo uliokuwa ukipigwa pale ni wa mjomba wangu Ambakisye wa kule njia ya Ipinda, kwamba wameuiba, na tena ni wezi wavivu, maana kipande cha katikati wamekiacha.

Nimeyakumbuka haya juzi tu. Nilikuwa nimekaa kibarazani napepeta mchele, kazi ninayoipenda kwa sababu haimlazimishi mtu kutoka nyumbani kwake, bodaboda ikapita, simu imefungwa kwenye usukani, inapiga wimbo uleule. Siku hizi wanauita zilipendwa. Ungo ukasimama mkononi. Nikausubiri ule mlio. Mnajua nyuki akiingia kwenye chupa tupu anavyolia? Mlio huo. Haukuja. Gitaa lilikuja, tarumbeta zikaja, mwimbaji akalalamika kwamba kaachwa, bodaboda ikapotelea kwenye migomba, na mimi nikabaki na mawazo yangu ya siku zote: kwamba wimbo ule, kwa hao wenyewe walioutunga, haujaisha kutengenezwa.

Mjomba Ambakisye, kaka yake mama, alikuwa na kikundi cha malipenga. Kwa msioyajua, malipenga ni vibuyu. Havipulizwi kama tarumbeta, mtu huimba ndani yake. Ubavuni kuna tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mweupe wa buibui, ile ngozi laini anayofunikia mayai yake ukutani. Sauti ikipita, utando unatetemeka, na mwanamume aliyeingia mle kama binadamu anatokea upande wa pili kama nyuki. Ufundi huo tuliletewa na ndugu zetu wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Vibuyu vidogo ndivyo vilivyobeba wimbo. Kikubwa kabisa, cha mjomba mwenyewe, kilijibu kwa chini, taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba.

Kwa ajili ya utando huo, nyumbani kwetu ilikuwa mwiko kufagia pembe za kuta. Mama alinung'unika, lakini kaka ni kaka. Mpaka leo sifagii pembe. Wageni hudhani mimi ni mvivu. Mimi ni mvivu kweli, ila sababu wameikosea.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa yamezoea kuuza vumbi yalijaa ghafla sabuni za rangi, mitumba, na redio kaseti kubwa kama masanduku ya safari. Mjomba hakuwa na redio, ila alikuwa na masikio. Siku ya gulio alipeleka kakao yake mjini, kisha akaenda kusimama chini ya upenu wa duka la kanda, mikono nyuma, akisikiliza, mpaka mwenye duka, jamaa mmoja aliyeitwa Bahati, amuulize kama ananunua au anasubiri mvua ikatike. Hapo mjomba alipanda baiskeli, midomo imefumbwa, wimbo umo ndani, akaanza safari ya kurudi.

Na hapo ndipo palipokuwa na kashfa. Kwetu humpiti mtu kama mti. Utasema ugonile, na ugonile ni mlango tu. Nyuma yake wapo watoto, ng'ombe, mpunga, na goti la bibi mkubwa linalouma. Mjomba alipita watu wazima akinguruma puani, macho mbele, kwa sababu akifungua mdomo kusalimia, wimbo ungemwagika. Watu wakasema Ambakisye kapata kiburi cha kakao. Mama alimtetea: "Hana kiburi. Amebeba wimbo."

Jirani yetu Mama Gwakisa, aliyekaa pale kwenye kalavati, hakuukubali utetezi huo. "Sisi tunabeba ndoo kichwani na tunasalimia," alisema. "Huo wimbo una maji mengi kuliko ndoo?"

Mjomba akifika, aliwaita wenzake uani kwetu, akawagawia wimbo kama mtu anayegawa ndizi, wewe shika hapa, wewe hapa. Ndivyo nilivyousikia wimbo ule mara ya kwanza katika maisha yangu. Ulianza kama nyimbo nyingine. Lakini katikati vibuyu vidogo vilipanda, vikatulia, vikapanda tena kidogo kama vinavyouliza jambo. Kibuyu kikubwa kikajibu. Vikauliza tena, kikajibu tena, halafu vyote vikateremka pamoja kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji mto Mbaka. Kipande hicho hakichezwi kwa kukimbia. Unasimama, unapiga goti kidogo, unageuka. Mwaka ule hakukuwa na harusi upande wetu ambayo watu hawakupiga goti.

Sasa niambieni, mtoto aliyeusikia hivyo, halafu akaenda mjini na mama yake, akausikia kwenye kanda, umepita katikati moja kwa moja bila kusimama, bila goti, angefikiri nini? Nilifikiri wizi. Bahati alicheka mpaka akaegemea kaunta. Akaongeza sauti ya redio, akaniambia, "Mwambie mjomba wako aje na vibuyu vyake, adai haki." Watu wakaangua kicheko, mama akanivuta mkono, na habari ikapanda baiskeli ya mtu ikafika nyumbani kabla yetu.

Mjomba hakukasirika. "Mpwa wangu," alisema, "ule wimbo mimi niliutoa mjini." Sikumwamini. Nilidhani ni ule upole wake wa kuachia watu vitu.

Ningeishia hapo na aibu yangu ndogo ya kunitosha, isipokuwa dada yangu Atupele aliposwa, na aliyemposa alikuwa mdogo wake Bahati wa duka la kanda. Mahari ikaisha, siku ikapangwa, ukaja ujumbe kutoka kwa wakwe: muziki ni juu yetu, spika na jenereta vipo, vibuyu msihangaike navyo, tusije tukachekwa na wageni kwamba tumeoa kwa wale walioibiwa wimbo na redio. Baba, mtu wa amani kupita kiasi, akakubali.

Mjomba alikuwa amewatoa mabinti wote wa ukoo kwa kibuyu chake. Aliposikia, alisema ni sawa. Akavitundika vibuyu jikoni kwetu, juu ya moshi, na tangu hapo hakuja tena kula nasi. Nilijua ni ulimi wangu uliovitundika pale. Kwa uchungu nilikataa chakula. Nilikataa mara moja tu. Mlo uliofuata ulikuwa wali na samaki mbasa, na mimi si malaika.

Atupele ndiye aliyenitia hofu. Alikuwa anasuka nywele zangu, akaacha katikati. "Wewe," akasema, "mimi nitatokaje hapa kwa mlio wa jenereta?"

Siku ikafika. Baada ya kanisa tulikusanyika uani, chini ya kivuli cha mianzi na majani ya migomba. Bibi harusi alikuwa ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, maana bibi harusi anayetazama watu huambiwa alikuwa na haraka ya kuolewa. Mjomba alikaa kwenye benchi la wazee, amevaa koti la kuazima, anatazama viatu vyake. Bahati alisimama nyuma ya mashine yake kama dereva wa basi la Mbeya. Alipiga nyimbo nyingi, na nzuri, sitamwonea. Halafu akashika maikrofoni, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Na sasa," akasema, "ule wimbo halisi. Sio wa vibuyu."

Watu wakacheka, wakainuka kucheza. Wangekataaje? Wimbo ulikuwa mtamu hata bila nguo zake. Upande wetu na upande wao tukachanganyika, vumbi likaamka, na kanda ikafika katikati, ikapita.

Miguu yetu haikupita.

Wa kwanza kusimama alikuwa bibi harusi. Alisimama, akapiga goti kidogo, akageuka, kichwa bado kimeinama. Wasimamizi wake nyuma wakasimama. Mashangazi wakasimama. Mama Gwakisa, aliyekuwa ameshika sinia la nyama, akasimama na sinia lake akapiga goti. Nusu ya uwanja ilikuwa inageuka taratibu, na nusu nyingine, ya wakwe, ikaja na mwendo wa kanda ikatuparamia. Mzee mmoja wa upande wao akakalia ungo wa ndizi mbivu. Na wanawake wetu, midomo imefumbwa, wakaanza kunguruma kile kipande puani, wengi kwa pamoja, kana kwamba mzinga wa nyuki umeangushwa kanisani. Kanda inaimba lake, sisi letu.

"Mnapotea," Bahati akasema kwenye maikrofoni. "Fuateni muziki."

Atupele akainua kichwa. Bibi harusi. Akamtazama usoni, mbele ya wazee wote. "Shemeji, zima," alisema, wala hakupaza sauti. "Hatujamaliza."

Bahati akamtazama mama yake. Mama yake alikuwa mzaliwa wa Karonga, na tangu mlio ule uanze alikuwa ameshika mashavu kwa mikono miwili. "Zima, mwanangu," akasema. "Wakwe zako wanaongea."

Akazima. Tukabaki na mngurumo wetu wa puani tu. Tukapanda, tukatulia, tukauliza, halafu hakuna aliyejibu, kwa sababu sauti ya kujibu ilikuwa ya kibuyu kikubwa na kilikuwa kwenye moshi. Tukauliza tena. Kila mtu alitazama benchi la wazee, na mjomba alikuwa bado anatazama viatu vyake. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na ulimi wangu.

Atupele akauliza peke yake. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na ilikuwa inataka kulia.

Ndipo benchi likajibu. Mjomba aliweka viganja mdomoni akajibu kwa chini, taratibu, kama ng'ombe aliyeshiba. Akainuka. Akaja akijibu mpaka mbele ya binti wa dada yake, wakateremka kwa sauti wote wawili hadi mtoni, na uwanja mzima nyuma yao. Wimbo ulipoisha watu walimtazama mjomba, wakisubiri aseme neno zito.

"Mmekimbiza pale mwisho," alisema. "Rudieni."

Tukarudia. Nilitumwa jikoni, nikavishusha vibuyu. Na wakwe walipiga goti siku ile, hata yule mzee mwenye ndizi kwenye suruali. Jioni Bahati alimfuata mjomba kwa adabu, akamwomba waurekodi. Mjomba alikataa. "Ukininasa humo," alimwambia, "kesho nitaanza kujiiga mwenyewe." Kwa hiyo msije kuniuliza kanda iko wapi. Haipo.

Kile kipande kilitoka wapi, nilikuja kujua nikiwa kidato cha pili. Mjomba alinipakia kwenye kariya ya baiskeli kutoka mjini, naye ana wimbo mpya midomoni, kwa hiyo nilisafiri na mgongo usiosema. Tulipita watu, hatukusalimia, nikaona haya kwa niaba ya wote wawili. Tulipofika kwenye kalavati, Mama Gwakisa alikuwa amesimama katikati ya barabara, jembe limelala mbele yake kama geti.

"Ambakisye," alisema, "mimi si mti."

Mjomba akashika breki. Mama Gwakisa akapiga goti kidogo, kama anavyofanya mwanamke mwenye heshima zake, akaanza. Sauti yake ikapanda, ikatulia, ikapanda tena kidogo, inauliza. Mjomba akajibu kwa chini. Akaulizwa watoto, akajibu. Akaulizwa mpunga, akajibu. Mwishowe wakateremka wote wawili kwenye ndaga fijo ndefu, asante ya kwetu, jembe likaondolewa, tukaendelea. Baada ya mwendo kidogo mgongo ule ukaanza tena kunguruma. Katikati ya wimbo mpya alikuwemo Mama Gwakisa na goti lake.

Nilikaa kimya mpaka nyumbani, jambo ambalo mjomba alilisimulia kwa miaka kama muujiza. Alichosahau njiani hakukiacha wazi; alikijaza kwa mtu aliyemsimamisha. Siku zote alituambia ukweli kwamba wimbo aliutoa mjini. Sisi ndio hatukuuliza aliupitisha wapi.

Mjomba hayupo sasa, na vibuyu vililiwa na wadudu. Wapwa zangu waliosoma kunizidi hunieleza kwamba ule wetu ulikuwa wa kuiga, kwamba wenye wimbo ni wale wa Dar. Nawasikiliza huku napepeta. Kuiga tuliiga, nani kakataa? Lakini sitaomba radhi kwa ajili ya goti. Wakileta simu zao wakaupiga, ukifika katikati mimi husimama papo hapo nilipo, hata kama nina sufuria ya moto mkononi, na wasubiri.

Juzi, bodaboda ile ilipopita, nilifanya jambo ambalo silifanyi ovyo: nilitoka nyumbani. Nilikwenda hadi kwenye kalavati kwa Mama Gwakisa. Ni mzee sana sasa, alikuwa juani anamenya karanga. Baada ya salamu zote, na zilikuwa ndefu, nilimweleza kila kitu: kwamba kile kipande kilikuwa yeye, kwamba watu waliolewa na kuoa kwa salamu yake, na kwamba kwenye redio hakimo mpaka leo. Nilitegemea atatokwa na machozi. Alipuliza maganda kiganjani, akaitazama barabara, akasema:

"Basi kosa ni la huyo wa redio. Hakupita kwangu."